Kuutambua uvimbe usio wa kawaida wa njia ya chakula ukiwa hospitali ya wilaya Mtwara au Lindi: mwongozo kamili

Mgonjwa ana uvimbe tumboni unaoshikika kwa mkono. Kinyama (kipande kidogo cha uvimbe) kimechukuliwa, kimesafirishwa hadi Dar es Salaam, familia imechanga fedha, wiki zimepita. Majibu yanarudi: "Sampuli haitoshi." Au: "Tishu imeharibika." Au lile la hatari kuliko yote: "Hakuna saratani iliyoonekana," na huku uvimbe uko palepale na unakua.

Kosa hili linajirudia, na mara nyingi sana linafanyika kabla sampuli haijafika mezani kwa mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma tishu kwa hadubini. Mwongozo huu ni wa madaktari, matabibu, wauguzi wa chumba cha upasuaji na watu wa maabara wa hospitali za wilaya na za mashirika ya dini huku kusini. Ndugu wa mgonjwa wausome pia, hasa hatua za kusafirisha na kufuatilia majibu.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: jina la uvimbe linatoka kwenye kinyama. Dalili na picha zinakuonyesha pa kukichukua tu. Mtu asianzishiwe dawa za saratani, wala asiambiwe arudi nyumbani akapumzike, kabla kinyama chake hakijasomwa vizuri.

## Tunazungumzia uvimbe upi

Saratani ya kawaida ya umio, tumbo au utumbo mpana huanzia kwenye utando wa ndani, na kamera inayoingizwa kupitia mdomo au njia ya haja kubwa huiona waziwazi. Zinazotusumbua ni zile nyingine.

GIST (kifupi cha Kiingereza cha "gastrointestinal stromal tumour") huota ndani ya ukuta wa tumbo au utumbo, chini ya utando. Zaidi ya nusu huwa kwenye tumbo lenyewe, na karibu theluthi moja kwenye utumbo mwembamba. Kemotherapi ya kawaida haiufanyi kitu, lakini nyingi hunywea kwa vidonge vya imatinibu.

Uvimbe wa nyuroendokrini, unaotokana na seli zinazotoa homoni na ambao wengi wanaujua kwa jina la zamani la kasinoidi, hupenda utumbo mwembamba, kidole tumbo na njia ya haja kubwa. Unaweza kukaa miaka mingi ukikua polepole.

Limfoma (saratani ya chembe za kinga) ya tumbo au utumbo mara nyingi hutibiwa kwa dawa, bila kukata. Kuna aina moja ya limfoma ya tumbo inayosababishwa na bakteria *Helicobacter pylori*. Ikiwa bado haijasambaa, mara nyingi hupotea kwa kumwua huyo bakteria kwa vidonge.

Sakoma ya Kaposi, saratani inayotoa madoa ya zambarau, huweza kushuka hadi utumboni, hasa kwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka.

Halafu kuna wasio saratani wanaofanana nayo kabisa: kifua kikuu cha tumbo, uvimbe wa ameba, na kichocho, ambacho ukanda wetu huu wa pwani unakijua vizuri. Mgonjwa wa kifua kikuu cha utumbo akipelekwa kukatwa kwa kudhaniwa ana saratani, amepewa kovu asilolihitaji. Dawa za miezi sita zingetosha.

## Andaa hivi kabla ya kumgusa mgonjwa

- Fomalini ya asilimia 10 iliyowekewa bafa, angalau lita moja
- Makopo yenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, ya saizi tatu
- Chupa ndogo tasa na maji ya dripu ya chumvi, kwa kipande cha kupima kifua kikuu
- Lebo zinazonata na penseli (wino wa kalamu hufutika ukiguswa na fomalini)
- Kisu kikali cha upasuaji na rula ya sentimita
- Fomu ya maombi ya patholojia, nakala mbili
- Mifuko ya plastiki inayofungika, pamba nyingi, na boksi gumu
- Glavu, miwani ya kukinga macho na chumba chenye madirisha yanayofunguka
- Daftari la sampuli lenye safu ya "tarehe majibu yaliporudi"

Kama fomalini ya bafa haipatikani, itengeneze. Kwa lita moja: mililita 100 za fomalini kali (ile ya asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti. Usiache fosfeti hizo. Fomalini isiyo na bafa hugeuka asidi, huacha vumbi la kahawia juu ya tishu na kuharibu vipimo vya Hatua ya 10.

Onyo: mvuke wa fomalini huumiza macho na mapafu, na joto la Mtwara huuzidisha. Changanya penye upepo. Usiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja.

## Hatua ya 1: Sikiliza, kisha shika

Kaa na mgonjwa. Msalimie mzee shikamoo, ndipo uingie kwenye maswali ya choo. Uliza choo kikoje: cheusi, kinachonata, chenye harufu kali? Basi damu inavuja juu. Uliza pia kama anameza vidonge vya madini ya chuma, maana navyo hufanya choo kiwe cheusi. GIST ya tumbo mara nyingi hujitambulisha kwa damu inayopungua pole pole na mgonjwa anayechoka bila kujua sababu.

Kuharisha kwa miezi, pamoja na uso na kifua kuwaka joto ghafla, na pengine kifua kubana: fikiria nyuroendokrini iliyofika kwenye ini. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vinaweza kuwa kifua kikuu au limfoma, na kwa maneno pekee huwezi kuvitenganisha.

Sasa shika. Angalia ndani ya mdomo kwa tochi, juu kwenye kaakaa: madoa ya zambarau pale yanaashiria Kaposi, na yanaweza kukuokoa safari nzima. Pima tezi za shingo, kwapa na kinena. Kisha fanya kipimo cha kidole kwenye njia ya haja kubwa. Wengi wanakiruka kwa kuona aibu, wao au mgonjwa. Elezea kwa upole, funga pazia, mwite mtu wa jinsia yake awepo, na ukifanye.

Mwombe ndugu alete dawa zote alizokwisha kutumia, za hospitali na za mitishamba, bila kumgombeza. Unachotafuta zaidi ni prednisoloni na deksamethasoni. Steroidi hizi huifanya limfoma inywee kwa muda, na kinyama kikichukuliwa baada yake kinaweza kusomeka kana kwamba hakuna kitu. Kama unashuku limfoma na hali inaruhusu, usizianzishe kabla ya kinyama.

Usisubiri mwongozo huu kama tumbo ni gumu, mgonjwa anatapika nyongo na hapati choo wala hewa, au damu inatoka nyingi. Huyo ni wa upasuaji wa dharura. Okoa maisha, halafu kilichokatwa kiingie kwenye Hatua ya 6.

Na mtoto ambaye tumbo au taya limevimba ndani ya siku chache: fikiria limfoma ya Burkitt. Seli zake zinaweza kujirudufu ndani ya siku moja au mbili. Anza maji ya dripu, pima figo, piga simu hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 2: Vipimo vya hapo hapo

Wingi wa damu, VVU (kwa ridhaa), figo, ini, choo kwa minyoo, ameba na damu iliyofichika. Mkojo kwa mayai ya kichocho uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Kikohozi, kama kipo, kipimwe kifua kikuu, na picha ya kifua ipigwe.

Kukuta mayai ya kichocho hakumalizi kazi. Mtu anaweza kuwa na kichocho na GIST kwa pamoja. Mtibu kichocho na uendelee.

## Hatua ya 3: Picha na kamera

Altrasaundi ni ya kwanza, ipo karibu na ni rahisi. Mwambie mpigaji unachotaka kujua: uvimbe uko kwenye ini au kwenye utumbo? Ni mgumu au una maji? Kuna tezi zilizovimba? Kuna maji tumboni? Ombi lililoandikwa "tumbo linauma" litakuletea jibu la "tumbo la kawaida".

Kwa kamera ya tumbo au ya utumbo mpana, piga simu kwanza. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, Sokoine kule Lindi, Ndanda, Nyangao, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara ndizo za kuulizia kabla ya kufikiria Muhimbili. Uliza maswali matatu: kamera inafanya kazi wiki hii? Mtaalamu yupo? Wanachukua kinyama au wanaangalia tu? Kumpandisha basi mgonjwa kutoka Liwale au Nanyumbu ili aangaliwe tu ni kumchosha bure.

Kamera ikionyesha kidonda cha kutilia shaka tumboni, viombwe vinyama visivyopungua sita, kutoka kingo na kitako. Kimoja au viwili havitoshi.

Hapa ndipo GIST inapowaponyoka watu wengi. Kamera huona mwinuko laini uliofunikwa na utando mzima, mfanyaji anabana kipande cha juu, na majibu yanasema "utando wa kawaida". Majibu hayo ni ya kweli, ila ni ya utando. Uvimbe uko chini yake. Ukiona ripoti ya kamera inasema "mwinuko chini ya utando" na ripoti ya patholojia inasema "kawaida", usimruhusu mgonjwa aende nyumbani akiwa na cheti cha uzima. Anahitaji kipimo cha CT, na kinyama cha kina zaidi au upasuaji.

Kaposi ya utumbo nayo huota chini ya utando, na kinyama chake kinaweza kurudi kitupu kwa namna hiyo hiyo.

CT itumike kujua uvimbe umeshika wapi, una sentimita ngapi, na kama ini limeguswa. Pima kreatinini (kipimo cha figo) kabla ya dawa ya mshipa ya kung'arisha picha.

## Hatua ya 4: Amua kinyama kitoke wapi

Chagua mahali rahisi na salama panapoweza kutoa jibu. Tezi ya shingo iliyovimba ni bora kuliko kufungua tumbo, na kwa limfoma toa tezi nzima, maana sindano nyembamba huleta seli bila mpangilio wake. Madoa ya zambarau kwenye ngozi ni bora kuliko kamera. Maji ya tumboni yapelekwe, lakini usiyategemee peke yake.

Uvimbe kwenye ini unaweza kutolewa kinyama kwa sindano nene ukiongozwa na altrasaundi. Kabla ya hapo pima mgando wa damu na chembe sahani. Usichome uvimbe wenye maji mpaka mtu mwenye uzoefu ameuangalia.

GIST inayoonekana inaweza kutolewa yote ina kanuni yake: mara nyingi daktari wa upasuaji huutoa mzima bila kuuchoma kwanza, kwa sababu ni laini, una damu nyingi, na ukipasuka humwaga mbegu za saratani tumboni. Kinyama cha kabla kinahitajika pale uvimbe ni mkubwa mno na imatinibu inatakiwa kuupunguza kwanza, au pale unapohofia kuwa ni limfoma.

Ongea na mgonjwa kuhusu uamuzi huu. Ridhaa ni yake. Lakini kwa familia nyingi za Kimakonde, Kimwera na Kiyao, mjomba ana sauti kubwa, na safari iliyopangwa bila yeye inaweza kuvunjika siku ya kuondoka. Muulize mgonjwa: "Nani tuongee naye nyumbani?" Mwite mapema.

## Hatua ya 5: Kukitoa

Kinyama kisibanwe kwa koleo katikati, wala kisichomwe kwa umeme wa kuzuia damu kabla hakijatoka. Seli zilizopondwa au kuungua hazisomeki. Kwenye uvimbe mkubwa epuka katikati palipooza, chukua pembeni mahali uvimbe unapokutana na nyama nzima.

Ukifungua tumbo na kukuta GIST, usiumenye uvimbe kutoka kwenye ganda lake. Utoe pamoja na ukuta uliouzunguka. Kusafisha tezi zote za jirani hakuhitajiki kwa kawaida, kwani GIST huenda zaidi kwenye ini na utando wa tumbo kuliko kwenye tezi. Ukipasuka mikononi mwako, andika kwamba umepasuka. Neno hilo linabadilisha matibabu ya mgonjwa, na kulificha ni kumnyima dawa.

Kata kipande kidogo kwa kisu safi, kiweke kwenye chupa tasa yenye maji ya chumvi: hicho ni cha kipimo cha kifua kikuu kwa GeneXpert na kuotesha. Fomalini huua vijidudu, kwa hiyo kipande hiki kisiiguse.

Na kidole tumbo? Kila kinachotolewa kipelekwe patholojia, hata kama kilionekana kimeoza tu. Uvimbe wa nyuroendokrini wa kidole tumbo karibu wote hugunduliwa hivyo, baadaye, kwenye ncha. Ukiwa chini ya sentimita 1, upasuaji uliokwishafanyika kwa kawaida unatosha. Ukizidi sentimita 2, mgonjwa anahitaji upasuaji mkubwa zaidi. Kwenye ndoo ya taka, habari hiyo inapotea milele.

## Hatua ya 6: Fomalini, mahali sampuli nyingi zinapofia

Tishu ikishatoka mwilini inaanza kuoza, na chumba chenye joto la nyuzi 30 huharakisha. Iingie kwenye fomalini ndani ya saa moja. Usiiache kwenye bakuli ikisubiri ndugu wakanunue kopo.

Kiasi: fomalini iwe mara 10 ya ukubwa wa tishu. Uvimbe wa ukubwa wa ngumi hauwezi kutosha kwenye kikopo cha mkojo chenye fomalini ya kulowesha tu. Nje utaona umekakamaa vizuri, ndani umeoza.

Sababu ni kwamba fomalini huingia kama milimita 1 kwa saa. Kwa hiyo uvimbe mkubwa ukatwe kwa vipande sambamba vya unene wa sentimita 1 hivi, kama mkate wa slesi, lakini uache vimeshikana upande mmoja ili msomaji ajue ulivyokaa. Kabla ya kukata, pima urefu, upana na kimo, andika. Funga uzi kwenye ukingo unaotaka uangaliwe. Utumbo ufunguliwe kwa mkasi, usafishwe taratibu, ndipo uzamishwe.

Kopo liwe na mdomo mpana. Hili linaonekana dogo, lakini liangalie kwa karibu: tishu mbichi ni laini, inasukumwa kwa kidole kupitia shingo nyembamba ya chupa ya dawa na inaingia. Baada ya siku mbili fomalini imeifanya ngumu. Maabara hawawezi kuitoa bila kuivunja chupa au kuikwangua tishu vipande vipande, na ukingo uliouhitaji umepotea.

Lebo ikae kwenye mwili wa kopo, kamwe isikae kwenye kifuniko. Makopo mawili yakifunguliwa pamoja na vifuniko vikabadilishana, mama wa Newala anapewa jibu la baba wa Ruangwa. Andika kwa penseli jina kamili, namba ya faili, umri, mahali kinyama kilipotoka, tarehe na saa kilipoingia kwenye fomalini. Vinyama vya sehemu tofauti viwe kwenye makopo tofauti.

Visitumike kamwe: maji ya kawaida, spiriti ya kidonda, maji ya chumvi (isipokuwa kile kipande cha kifua kikuu), wala barafu ya kugandisha.

Umefanikiwa kama baada ya saa 24 ukikibonyeza kipande kwa koleo ni kigumu kila mahali na rangi yake ni ya kijivu hadi ndani. Kukiwa na wekundu katikati, badilisha fomalini, kata tena, acha siku nyingine. Lenga saa 6 hadi 72 kabla maabara haijaanza kazi. Tishu iliyokaa wiki nyingi kwenye fomalini bado husomeka kwa rangi ya kawaida, ila vipimo vya imunohistokemia (rangi maalumu zinazotambua aina ya seli) huanza kufifia.

## Hatua ya 7: Fomu ya maombi

Fomu nyingi zina maneno mawili: "uvimbe tumboni". Mtaalamu wa patholojia hamwoni mgonjwa. Anaona slaidi, na slaidi moja inaweza kufaa magonjwa matano. Maelezo yako ndiyo yanayomwongoza aombe rangi ipi.

Mfano wa fomu inayofaa:

"Mwanamume, miaka 54, mkulima wa Tandahimba. Choo cheusi miezi minne, wingi wa damu 6.2. Altrasaundi: uvimbe mgumu wa sentimita 9 ukutani mwa tumbo. Kamera: mwinuko chini ya utando, kidonda kidogo juu yake. VVU hana. Hajatumia steroidi wala dawa za kifua kikuu. Upasuaji: uvimbe umetolewa mzima na ukuta wa tumbo, haukupasuka, ini safi, uzi mrefu uko kwenye ukingo wa juu. Nashuku GIST, naomba kutofautisha na limfoma na uvimbe wa misuli laini. Naomba idadi ya seli zinazogawanyika, kingo, na CD117 (rangi maalumu ya GIST) kama inawezekana."

Inachukua dakika tano. Weka namba yako ya simu, na namba mbili za familia. Andika kijiji, kitongoji na jina la mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu msimu wa korosho ukianza watu huhamia mashambani na simu hazipatikani. Majibu mengi yapo tayari kwenye droo huku mwenyewe hajulikani alipo.

## Hatua ya 8: Safari

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Tumia utaratibu wa hospitali wa kusafirisha sampuli. Kama hakuna budi ndugu aibebe, mwandae.

Acha tishu ikae kwenye fomalini ya kutosha siku moja au mbili kwanza. Ikishakuwa ngumu, unaweza kupunguza fomalini, ukaifunga kwa gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) iliyoloweshwa fomalini, mfuko ndani ya mfuko, pamba katikati, halafu boksi gumu. Hivyo haimwagiki njiani. Fomu ikae kwenye mfuko wake mkavu, nakala ya pili ibaki kwako.

Mwambie ndugu: "Hii ni sehemu ya mzee. Usiifungue, usiiweke kwenye buti la basi, ikae nawe kwenye kivuli. Ukifika, dai namba ya maabara, unitumie kwa meseji."

Umefanikiwa ukiwa na namba hiyo kwenye daftari lako. Bila namba, hesabu kwamba sampuli haijafika.

## Hatua ya 9: Soma majibu kama mtu anayedai kitu

Ripoti ya GIST iwe na mahali, ukubwa kwa sentimita, idadi ya seli zinazogawanyika kwa milimita 5 za mraba, hali ya kingo, na kama umepasuka. Uvimbe unaozidi sentimita 10, au uliopasuka, au unaozidi sentimita 5 na seli zinazogawanyika zaidi ya 5, uko kwenye hatari kubwa ya kurudi. Mgonjwa wa namna hii kwa kawaida huandikiwa imatinibu kwa miaka 3 baada ya upasuaji.

Ripoti ya nyuroendokrini iwe na daraja kwa kutumia Ki-67, yaani asilimia ya seli zinazojigawa: chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 la pili, zaidi ya 20 la tatu. Kama maabara kubwa itaomba mkojo wa saa 24, kupima kemikali inayotolewa na uvimbe huu, mgonjwa asile ndizi, nanasi, nyanya, parachichi wala biringanya kwa siku tatu kabla na wakati wa kukusanya. Vyakula hivi hupandisha kipimo kwa uongo. Omeprazoli nayo hupandisha kromogranini ya damu, kipimo kingine cha uvimbe huu, kwa hiyo muulize.

Ripoti ikisema tu "uvimbe wa seli ndefu nyembamba", bado hujapata jina. GIST, uvimbe wa misuli laini na uvimbe wa mishipa ya fahamu vyote huonekana hivyo. "Seli ndogo za mviringo" nayo inaweza kuwa limfoma au nyuroendokrini. Hapo ndipo watu wanakata tamaa, na ndipo unapotakiwa kusukuma mbele.

## Hatua ya 10: Imunohistokemia, na kulinda bloku

Omba kwa simu, kisha kwa maandishi:

- Seli ndefu nyembamba: CD117 na DOG1 kwa GIST, desmini kwa misuli laini, S100 kwa mishipa ya fahamu. CD117 hushika takriban GIST 95 kati ya 100. Ikikataa na picha bado inafanana, dai DOG1.
- Seli ndogo za mviringo: CD20, CD3 na Ki-67 kwa limfoma, sinaptofisini na kromogranini kwa nyuroendokrini. Burkitt huwa na Ki-67 inayokaribia 100.
- Seli ndefu kwa mwenye VVU au mwenye madoa ya zambarau: HHV-8 kwa Kaposi.

Kipimo kisipopatikana maabara ya kwanza, mgonjwa hahitaji kukatwa tena. Tishu yake imehifadhiwa ndani ya kipande cha nta kiitwacho bloku, na bloku inaweza kukatwa slaidi mpya hata baada ya miaka. Familia ina haki ya kuomba bloku na slaidi zipelekwe maabara nyingine kama Muhimbili, kwa barua ya daktari na kwa kusaini kuzipokea.

Bloku ina adui mmoja mkubwa huku kwetu: joto. Nta yake huyeyuka karibu nyuzi 56 hadi 60, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kukaribia hapo. Ibebwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya kasha la plastiki, slaidi zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi zisipasuke.

Jina likishapatikana, piga simu Ocean Road (taasisi ya saratani ya Dar es Salaam) au kwa daktari bingwa atakayempokea, mtumie picha ya ripoti, picha ya CT na maelezo ya upasuaji kabla mgonjwa hajasafiri. Mpe mgonjwa nakala ya ripoti mkononi, nyingine ikae kwenye faili, na kwenye daftari la sampuli ujaze ile safu ya mwisho: tarehe, jina la uvimbe, na nani ameambiwa.